Usiku wa Watakatifu na Majina ya Marehemu Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, mkutano wa Oktoba)



Tumeombwa tuseme juu ya Halloween. Tungependa zaidi kusema juu ya mbolea, maana mvua iko karibu, lakini jambo hili limeingia katika vikundi na linatugawanya. Mwaka jana mhubiri mmoja alisimama sokoni na kipaza sauti, akasema eti ile sikukuu ya vinyago na mafuvu inayoonyeshwa kwenye televisheni ndiyo hiyo hiyo ya Wakatoliki ya mwanzo wa Novemba, na kwamba anayewaombea marehemu anaita mapepo. Wiki iliyofuata wanachama wanne walifuta majina ya watu wao kwenye orodha ya Misa. Mmoja ni mjane. Alikuja kwetu jioni akauliza kwa sauti ya chini: "Nilimkosea mzee wangu kwa kumwandika, au nimemkosea kwa kumfuta?" Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Leo tunajaribu.

Tuanze na jina. Halloween ni Kiingereza cha zamani kilichofupishwa, maana yake mkesha wa Watakatifu Wote. Sikukuu yenyewe ni tarehe 1 Novemba. Mbona basi watu wanasherehekea tarehe 31 Oktoba? Wazee wa pwani wataelewa upesi: kwao usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua. Kanisa nalo huanza sikukuu kubwa jioni ya kuamkia. Basi ni hilo tu, hakuna siri.

Tarehe nayo haikushuka kutoka mbinguni. Tarehe 13 Mei, yapata mwaka 609, Papa Bonifasi wa Nne aliweka wakfu hekalu la kale la Roma liitwalo Pantheon, likawa kanisa la Bikira Maria na wafia dini wote. Baadaye, katika karne ya 8, Papa Gregori wa Tatu aliwawekea watakatifu wote kikanisa ndani ya Mtakatifu Petro. Mwaka 835 mfalme Ludoviko, kwa kuhimizwa na Papa Gregori wa Nne, aliamuru tarehe 1 Novemba iadhimishwe katika nchi zake zote za Wafaranki. Mwalimu mmoja wa liturujia wa karne ya 12, John Beleth, alieleza sababu ambayo mkulima yeyote ataipenda: mwezi Mei chakula kilikuwa haba Roma, lakini baada ya mavuno mahujaji waliweza kulishwa.

Na mapepo je? Hatutakana kwamba Waayalandi wa kale walikuwa na siku yao, Samhain, wakati huo huo baridi inapoingia, na hadithi nyingi za wafu na majini. Lakini wale wanaosema Kanisa liliichukua hiyo siku na kuibatiza, hebu wasikie hili: kalenda za Kanisa la Ireland yenyewe, karibu mwaka 800, ziliweka sikukuu ya watakatifu wote tarehe 20 Aprili!

Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ilitoka kwa abati Odilo wa Cluny, Ufaransa, aliyeagiza yapata mwaka 998 kwamba monasteri zake zote ziwaombee wafu siku hiyo. Kutoka hapo ikaenea. Kule Uingereza maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa vimkate, nao wakiahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile.

Na hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa tunajiona wenyewe. Katika parokia za Uingereza kulikuwa na vyama vya watu wa kawaida. Mwaka 1388 serikali iliagiza vieleze sheria na mali zao, na taarifa zao zimehifadhiwa mpaka leo. Ukizisoma utadhani ni katiba ya kikundi chetu. Mwanachama analipa mchango wake. Akifa, wenzake wanahudhuria mazishi, na asiyefika anatozwa faini (mweka hazina wetu anatabasamu hapo nyuma). Chama kinanunua mishumaa na kumwombea. Akiugua au akifilisika, anasaidiwa. Mwaka 1547, wakati wa mfalme Edward wa Sita, sheria ikapitishwa na mali ya vyama hivyo ikachukuliwa. Sala ya marehemu ilipokatazwa, hata mfuko wa mazishi ulikwenda nayo.

Vinyago na mizaha vilibaki. Waayalandi waliokimbia njaa ya viazi baada ya 1845 walivipeleka Marekani, wakakuta maboga makubwa yanayochongeka kirahisi kuliko tanipu zao, na biashara ikamalizia kazi. Mkituuliza kama watoto wenu walioko mjini waende kwenye sherehe hizo shuleni, sisi hatutawapigia kelele. Kuvaa kinyago si kuabudu shetani. Lakini kuchonga boga halafu kulitupa, hilo mama aliyelala njaa hawezi kulielewa, na sisi pia hatulielewi.

Kwa yule mama, na wengine watatu: hamkukosea kuandika. Anayewaombea marehemu haiti mapepo, anaongea na Mungu juu ya mtu aliyempenda. Kufuta nako kulikuwa kwa hofu, na hakuna atakayewauliza.

Kitabu cha majina kiko kwa katekista mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi. Sadaka ni hiari, asiye nayo aandike jina tu. Tarehe 2 baada ya Misa tutakwenda makaburini pamoja, kwa hiyo njooni na majembe, nyasi ni ndefu.

Mwenyekiti, tunakurudishia mkutano. Mbolea bado inangoja.