Dawa ya Kifafa Haikatizwi
Hotuba iliyosomwa Garsen mbele ya wazee na wanachama, katika mkutano wa mwaka



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema habari za maradhi ambayo aghalabu hutajwa kwa kunong'ona. Kifafa kimo nyumbani mwetu, kwa wakulima wa kando ya mto na kwa wafugaji vilevile. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wanacho, na kwamba katika kila wagonjwa 10, hata 7 waweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ipasavyo. Basi yatupasa kujua dawa hizo hufanya nini, hutolewa lini, na kwa nini hazikatizwi.

Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa nguvu ndogo za umeme, kila kundi kwa wakati wake. Kifafa kinapoanza, chembe nyingi hufyatua umeme kwa pamoja. Ndipo mtu huanguka na kutikisika, au pengine hukodoa macho tu asijue kwamba anaitwa. Wala povu la mgonjwa halimwambukizi amshikaye.

Dawa ni za namna mbalimbali. Fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, hukitia nguvu kile kitulizo cha asili kilichomo ubongoni. Fenitoini, iliyojulikana kwa kazi hii mwaka 1938, na kabamazepini iliyofuata baadaye, hufunga vilango vidogo vya chembe vipitishavyo sodiamu, ili umeme usifyatuke mfululizo. Lakini hakuna hata moja iondoayo shina la maradhi. Mfano wake ni tuta la kukinga shamba: tuta halikaushi mto wa Tana, bali huzuia maji yasiingie. Ukilibomoa kwa kuwa mwaka huu shamba halikufurika, mto ungali palepale.

Si kila atikisikaye hupewa vidonge vya kila siku. Mtoto mwenye homa akipatwa na degedege, apelekwe hospitali upesi atazamwe malaria na maradhi mengine. Mara nyingi hahitaji dawa ya kifafa. Dawa hiyo kwa desturi huanzwa mtu akisha kupatwa mara mbili au zaidi, kwa siku mbalimbali, pasipo homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Tabibu huanza na dawa moja, kwa kipimo kidogo, akaongeza polepole. Kazi hii yawezekana hata mashambani. Huko Nakuru, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1991, nusu hivi ya wagonjwa waliomaliza mwaka mmoja wa fenobabitoni au kabamazepini hawakuanguka katika miezi 6 ya mwisho.

Sasa twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Mgonjwa hukaa miezi mitatu bila kuanguka, na jamaa husema, "Amepona, vidonge vya nini tena?" Huo ndio wakati wa hatari. Dawa ikikatwa ghafula, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu, kikafuatana pasipo mgonjwa kuzinduka, hata akafa. Na hapa kwetu aangukaye huweza kuangukia mekoni, au kutoka mtumbwini mtoni mwenye mamba. Kwa kawaida tabibu hafikirii kupunguza dawa mpaka imepita miaka 2 au zaidi bila kifafa, naye hupunguza kidogo kidogo.

Mambo matatu hutukatiza dawa. La kwanza ni mafuriko. Mwaka 1997, na tena mwaka 2023, maji yalikata njia zetu. Nyumba yenye mgonjwa na iombe akiba kabla ya mvua, iiweke mahali pakavu pasipofikiwa na watoto; na mfugaji asihame na ng'ombe kabla ya kuhesabu vidonge vyake.

La pili ni mfungo wa Ramadhani. Fenobabitoni hukaa mwilini muda mrefu, na aghalabu humezwa mara moja, usiku. Kwa dawa nyingine, mgonjwa amwulize tabibu kabla ya mwezi kuandama.

La tatu ni madhara ya dawa zenyewe. Usingizi na kizunguzungu mara nyingi hupungua. Lakini vipele vikitokea, arudi hospitali siku ile ile. Valproeti yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke aitumiaye ashauriane na tabibu mapema, wala asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Mtu akianguka, mwondoeni penye moto na maji, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani wala msimshike kwa nguvu. Zikipita dakika 5 hajatulia, akimbizwe hospitali, ambako kuna dawa ya kukizima kifafa kinachoendelea.

Wazee wetu, wa Gasa na wa Matadeda, ombi letu ni moja. Jamaa wa mgonjwa hufika kwenu kabla ya kufika kwa tabibu, na neno lenu kwao ni zito. Hatuwaombi mwakataze dua. Dua na kidonge havigombani. Twawaomba muwaulize, "Je, dawa ya leo imemezwa?" Swali hilo likiulizwa katika kila kijiji, watoto wengi watarudi shuleni, na vijana wengi watarudi kwenye kazi zao.