WEMA BAINA YA WANAFUNZI: FUNZO KUTOKA NJOMBE

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mazungumzo haya yanahusu jambo lionekanalo dogo, nalo ni wanafunzi kutendeana wema na kutiana moyo wawapo skuli. Mfano umechukuliwa kutoka Mkoa wa Njombe, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania Bara, ambako jambo hilo limegusa uhai wa watoto.

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Ni nchi ya milima, chai, mbao na viazi, na baridi yake ya Juni na Julai huleta sakitu mashambani. Mji wa Makambako uko njia panda: hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia huachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Mkoa huo umeneemeka kwa kilimo na biashara, lakini umepata pigo kubwa la UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kuwa asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo walikuwa na virusi. Ule wa 2022/23 ulionyesha asilimia 12.7 kwa wenye miaka 15 na zaidi, hali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4.

Nyuma ya hesabu hizo wako watoto. Wapo waliofiwa na wazazi wakalelewa na bibi zao, na wapo waliozaliwa na virusi. Mtoto wa namna hii akimeza dawa zake kila siku kwa wakati, hukua, husoma na hufaulu kama wenziwe. Lakini akiwa dakhalia, kichupa cha vidonge hakifichiki kwa urahisi. Hapo ndipo ulimi wa mwenziwe huwa dawa au sumu. Akichekwa, ataficha vidonge. Akificha, ataruka siku. Akizidi kuruka, virusi hupata nguvu na huweza kuwa sugu kwa dawa. Wahenga walisema: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Sheria ya Udhibiti wa UKIMWI Nam. 28 ya mwaka 2008 ya Tanzania Bara imekataza unyanyapaa na ubaguzi. Hata hivyo, sheria haikai dawati moja na mtoto, wala hailali naye chumba kimoja. Anayekaa naye ni mwanafunzi mwenziwe.

Hapa Zanzibar maambukizi yako chini ya asilimia 1. Uchache huo usiwe sababu ya kulala. Mtoto aliye peke yake katika skuli nzima huwa mpweke zaidi kuliko aliye na wenzake, na siri yake ikitoka hana pa kuegemea.

Kwa hiyo wanafunzi wanahimizwa haya: kukaa, kula na kucheza na mwenzao bila ya hofu, kwani virusi haviambukizi kwa njia hizo, kutunza siri waliyoaminiwa, kumpa daftari anukuu masomo yaliyompita alipokwenda kliniki, na kumnyamazisha mwenye kudhihaki badala ya kucheka pamoja naye. Walimu wanaombwa wamruhusu mtoto kwenda kliniki bila ya kutaja sababu mbele ya darasa. Wazazi nao wachunge maneno yao nyumbani, kwani mtoto huyabeba hadi skuli.

Dini imekataza kumwonea yatima na kumdharau mgonjwa. Kulitimiza agizo hilo hakuhitaji fungu katika bajeti ya Serikali. Kunahitaji neno jema, lisemwe kwa wakati wake, na mtoto kwa mtoto mwenziwe.