Elfu Moja ya Magharibi

Magharibi ikikaribia, soko la Kongowea hapa Nyali halina subira. Matatu zinapiga honi, wateja wanagombania nyanya za mwisho, na mama mboga ana fungu la sukuma mkono huu, chenji mkono ule. Hiyo ndiyo saa anayoipenda mwenye noti feki. Ananunua bidhaa ya shilingi 50, anatoa elfu moja, kisha anahimiza: gari linamwacha. Faida yake ni ile 950 halali anayoondoka nayo.

Kwa ufundi, wengi wao ni wababaishaji. Rangi ya hudhurungi ya elfu moja haimsumbui mwenye printa nzuri. Karatasi ndiyo inayomshinda. Noti halali inakwaruza kidole pale wino ulipoinuka. Ukiiweka kwenye mwanga, kichwa cha simba kinajitokeza ndani yake, na ukiiinamisha, uzi wake unabadilika rangi. Lakini ukaguzi huo unataka mwanga na sekunde chache, na tapeli amechagua saa ambayo vyote viwili ni haba.

Mzee Emerich Juettner wa New York alilijua hilo vizuri. Tangu 1938 alichapisha nyumbani dola moja moja, kwa karatasi ya kawaida ya dukani, kazi mbovu hadi jina la Washington likakosewa herufi. Alikamatwa 1948. Miaka kumi! Nani apoteze muda kukagua dola moja?

Watu wa wash wash hutumia mtego mwingine. Mlengwa anaonyeshwa mabunda ya karatasi nyeusi, moja inaoshwa kwa dawa mbele ya macho yake na inatoka noti safi. Hiyo moja ilikuwa halali, imepakwa rangi tu. Analipa ili apate dawa ya kuosha zilizobaki, na hapo pesa zake zimekwenda. Aende polisi aseme nini? Kwamba alitaka kuosha noti?

Juni 1, 2019, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuiondoa elfu moja ya zamani, na noti feki zilikuwa miongoni mwa sababu. Mwisho ulikuwa Septemba 30, na noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Hatua hiyo iliwabana wenye magunia ya pesa. Kibanda cha Kongowea kilibaki na magharibi yake.

Asubuhi, muuzaji wa jumla anapomkatalia mama mboga ile noti, kishawishi kinaanza: naye aitie kwenye chenji, jioni, kwa mteja mwenye haraka. Akifanya hivyo huku akijua, sheria inamhesabu mhalifu sawa na aliyempa.

Basi, msikilizaji, mteja akikuharakisha, wewe inua noti kwenye taa kwanza. Ukishapokea feki, ipeleke benki au kituo cha polisi. Thamani yake hutarudishiwa.