Kompyuta ya biro yetu: mbona hatukubadilisha prosesa

Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Komite imeniomba nieleze habari ya kompyuta, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Wengine wanauliza: tulikubali dola 80 za kununua prosesa, mbona prosesa ni ile ile ya zamani? Swali ni la haki. Feza ni ya wote.

Munakumbuka siku mama mmoja wa kwetu alipotembea tangu asubuhi kufuata kopi ya karatasi ya parsela yake. Kesho yake alikuwa na maneno mbele ya chefu. Tuliwasha mashini, ikazimika. Tukawasha tena, ikazimika. Mama akarudi mikono mitupu. Siku ile tulisema: mashini imezeeka, tuiwekee prosesa ya nguvu. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Lakini mimi nimeshaungua mara moja. Zamani nilinunua prosesa kwa ajili ya kompyuta yangu, dola 45, ikatoka Bujumbura. Kufungua mashini, nakuta prosesa imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Ile niliyonunua iko kwa droo yangu mpaka leo. Kwa hiyo safari hii nilisema: tuulize maswali matatu kwanza.

La kwanza: inatoka? Kompyuta yetu ni ThinkPad T420, ya mwaka 2011. Prosesa yake ni i5-2520M. Hii inatoka: unaondoa kibodi na feni, unazungusha skrubu moja, unainua. Angalieni herufi ya mwisho. U, kama i5-4300U, imechomelewa. M mara nyingi inatoka, lakini si zote, basi fungua uone kabla ya kulipa. Na kompyuta za kubeba za Intel za kizazi cha tano kuja huku, tangu 2015, musisumbuke: karibu zote zimechomelewa.

La pili: bodi itaikubali? T420, kwa BIOS yake ya Lenovo, inapokea kizazi cha pili tu. Ukiweka cha tatu, hata kama inaingia, haitawaka. Tulibaki na njia mbili. Kuna i7-2640M: viini 2 kama yetu, gigahezi 2.8 badala ya 2.5. Ni faida kidogo sana. Na kuna i7-2670QM, yenye viini 4. Hiyo ndiyo komite ilitaka.

La tatu: joto na umeme. Yetu imepimwa wati 35, ile ya viini 4 wati 45. Sisi tuko na pano moja na betri moja, na munajua mvua ikinyesha siku mbili inakuwaje. Tena mashini ilikuwa inazimika kwa nini? Tulipoifungua pamoja na fundi, tulikuta feni imejaa vumbi la barabara yetu, limeshikana kama kitambaa. Ile pomadi inayopitisha joto kutoka prosesa ilikuwa imekauka kama udongo. Mashini ilikuwa inajizima isiungue. Kama tungeiweka prosesa yenye joto zaidi juu ya hali ile, tungeua mashini kwa mikono yetu.

Na kukawia je? Kukawia kulitoka kwa diski ya zamani, ile inayozunguka, na ramu ya giga 4 tu. Prosesa ilikuwa inakaa kungojea diski.

Nilirudi kwa komite kuomba ruhusa ya kubadilisha matumizi, na imeandikwa katika daftari. Feza ilienda hivi: diski ya SSD dola 30, ramu ya giga 4 kuongeza dola 10, pomadi dola 3, na diski ya nje ya kuweka kopi dola 37. Jumla 80. Risiti ziko kwa mweka-hazina, kila mtu anaweza kuziona.

Zamani tuliwasha mashini, tukapika chai, tukainywa, ndipo ikafunguka. Sasa haifiki dakika moja. Tangu tuisafishe haijazimika yenyewe hata mara moja. Kila miezi mitatu tutaifungua tupulize vumbi.

Siwaambii kwamba prosesa haibadilishwi kamwe. Mwenye T420 ya kwake, umeme wa kutosha, na kazi nzito kama ya video, anaweza, na itamsaidia. Lakini asafishe kwanza, aweke SSD na ramu, halafu aone kama bado ana haja. Na akiishika, aishike pembeni. Vipini vya chini vikipinda, ameipoteza.

Yule mama alipata kopi yake wiki iliyofuata. Alikuwa amechelewa, wakamhairishia, maneno yake bado hayajaisha. Ndiyo sababu ile diski ya nje hailali kwa biro. Inalala kwa mweka-hazina, na kila Ijumaa tunaweka ndani yake karatasi zote za wanachama. Mashini ikifa kesho, karatasi zenu hazifi nayo.

 Mwenye swali, aulize.