Mpira Mdogo wa Maziwa: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya watoto wanaozaliwa wadogo mno, na jinsi wanavyonyweshwa maziwa kwa mpira. Mimi si daktari, ni karani tu. Lakini jambo hili lilinifika nyumbani. Mwanetu wa pili alizaliwa hajatimiza kilo 1 na nusu. Nilipomwona ana mpira mwembamba kinywani, nilidhani ni dalili ya mauti, nikamwomba muuguzi autoe. Hakukasirika, bali alinifundisha; nami nawapeni mafundisho hayo.

Mtoto mwenye uzito chini ya gramu 2500 huhesabiwa kuwa mwepesi. Aliyezaliwa kabla ya majuma 34 ya mimba, mara nyingi hajaweza kupatanisha kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi. Akilazimishwa kunywa, maziwa yaweza kuingia mapafuni. Basi mpira si dalili ya kukata tamaa. Ni daraja la kumvusha.

Muuguzi hupima mpira kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi katikati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua, akatia alama. Huupitisha puani au kinywani. Kwa mtoto mdogo sana kinywani huweza kufaa zaidi, maana mtoto mchanga hupumua kwa pua. Kabla ya kumnywesha, huvuta majimaji kidogo na kuyapima kwa karatasi ya kupimia uchachu, apate hakika kwamba mpira umo tumboni. Ndipo huunganisha bomba la sindano lisilo na sindano wala kijiti cha kusukumia, akamimina maziwa kwa kipimo, yashuke yenyewe polepole. Hufanya hivyo kila baada ya saa 2 au 3. Iko pia njia ya kuyapitisha mfululizo kwa mashine.

Maziwa yaliyo bora ni ya mama mwenyewe, hata yale ya kwanza ya manjano ambayo wengine huyamwaga. Hukamuliwa mara 8 au zaidi kwa siku. Mama asipokuwa nayo, yako maziwa ya akina mama wengine yaliyopashwa moto kwa kipimo ili kuua vijidudu. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua hifadhi ya maziwa hayo mwaka 2019.

Sasa, wazee wangu, hapa ndipo penye neno. Mama akikosa chakula au mahali pa kulala karibu na hospitali, hurudi nyumbani, na mtoto hukosa maziwa. Kwa hiyo naomba Chama kitenge fungu dogo la kuwasaidia akina mama hao. Tena naomba ninyi, ambao neno lenu husikiwa, mkataze kumpa mtoto huyo maji ya sukari au maziwa ya mbuzi kwa siri, na mwakataze akina baba wasiseme kama nilivyosema mimi.

Mwanetu alinyweshwa kwa mpira majuma 4, akahamia kikombe, kisha akanyonya. Leo yuko darasa la tatu. Haba na haba hujaza kibaba.