Kazi ya Posta na Ngazi Iliyokatwa



Vijana wanatuuliza kila siku: namna gani mtu anapata kazi ya posta? Sisi makarani wa mgodi tunaijua biro, basi tutasema bila kuficha.

Zamani za Bula Matari mlango wa posta ulikuwa wazi kwa mtoto aliyesoma misioni, mwenye mwandiko mzuri, Kifaransa na hesabu. Aliuza tembre, alipima vifurushi, alipiga muhuri. Wazazi walifurahi: mtoto amevaa shati safi!

Patrice Lumumba alipita mlango huo. Aliingia posta ya Stanleyville, ndiyo Kisangani. Mwaka 1947 alikwenda Léopoldville kwa masomo ya posta, akarudi 1948 na cheo cha karani wa daraja la tatu. Angalieni vizuri. Alisoma, akashinda, na bado alikuwa karani. Juu yake alikaa Mzungu, na juu ya Mzungu huyo, Mzungu mwingine. Mwaka 1956 alifungwa kwa ajili ya pesa ya posta. Adui zake walipenda sana kutaja jambo hilo. Mshahara wa karani mweusi aliyeshika sanduku la pesa mchana kutwa, huo hawakuutaja.

Mlango ulikuwa wazi, lakini ngazi ilikatwa. Mwaka 1959 serkali ya wakoloni ilitoa sheria moja ya kazi kwa weusi na weupe. Karatasi nzuri! Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, katika vyeo vitatu vya juu vya serkali, vyenye watu zaidi ya 4,000, Wakongo walikuwa 3 tu. Wazungu walipokimbia mwezi wa Julai, nani alikuwa amefundishwa kushika funguo?

Kwa hiyo, kijana anayeomba kazi ya posta asitosheke kusikia «njoo Jumatatu». Aulize: mtihani ni siku gani, nani anausahihisha, mshahara ni ngapi, cheo kinapanda mpaka wapi? Majibu yaandikwe, yapigwe muhuri. Asitoe mbuzi wala pesa ya bia kwa mtu yeyote, hata akiwa mjomba wake.

Na wakimjibu «tutaona», alete habari kwa katibu wa seksioni yetu. Tutaandika barua sisi wenyewe, na tutaipeleka kwa mkono. Hiyo hatutaitia posta.