Mchango wa Mwalimu Wetu



Mwalimu aliyewafundisha kusoma watoto wetu na wenu amepatwa na kiharusi. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala mkono wa kuume na, kwa walio wengi, usemi pia. Mwalimu wetu amepokonywa vyote viwili. Deni la hospitali limekwisha kulipwa. Yaliyosalia ni mazoezi ya viungo, ambayo hufaa zaidi miezi ya mwanzo, na nauli ya kutoka Mikumi, anakouguzwa na binti yake, hadi Kilosa. Sisi wafanyabiashara hupenda kutoa mara moja tukapigiwa makofi. Safari hii naomba kidogo kidogo, kila mwezi, mwaka mzima. Daftari liko kwa mhazini wa hekalu. Mwenye shilingi 1,000 ataandikwa ukurasa uleule lilipoandikwa duka langu.